Masikio Yangu Yamenikosanisha na Halake

Mpendwa mshauri wetu Mama Habibo, habari ya huko redioni, naomba msaada lakini kwanza ujue unamsaidia nani: hapa Isiolo, kuanzia soko la mifugo mpaka Burat, hakuna mtu mwenye masikio kama yangu, na nikisema mpaka Moyale bado sijadanganya, mimi nasikia pikipiki ikiwa ng'ambo ya mto na nakwambia ni ya nani na kama oili imekauka, shule niliiacha kidato cha pili lakini masikio yalibaki darasani, yakasoma, yakapata digrii.

Sasa sikiliza. Kuna bendi ya ng'ambo inaitwa Kragmoor, ni wazee sasa, wana mvi na vitambi, lakini hiyo metali yao, muziki wa magitaa makali, inakimbia kama mbuzi walioona fisi, halafu katikati ya mbio inasimama, inageuka, inaanza hesabu nyingine kabisa, wimbo mmoja unaisha chai imepoa. Watu wanatuuliza kama tuna wazimu. Tuko wanne tu tunaoipenda, na kila Jumapili mchana tunakutana kwa kibanda cha Gumato, yule dada anayetengeneza simu, na hicho kikao tunakiita mahakama kwa sababu hapo ndipo tunahukumu albamu. Kiogora wa miraa anasema albamu ya kwanza ndiyo pekee, zingine ni za watu walioshiba. Gumato hataki kusikia, yeye ni ya tatu tu, "Hapo ndipo walipata akili, nyinyi bakini na fujo." Halake yuko katikati, Halake ni rafiki yangu tangu tukiwa wadogo, nyumba yao na yetu zimegawana ukuta wa mabati.

Mwaka huu wazee wakatoa tena hiyo albamu ya tatu, toleo jipya, limesafishwa, ngoma zimeletwa mbele na gitaa la besi limesukumwa nyuma kama mgeni ambaye hakualikwa, na Mama, vita ikawaka! Kiogora anasema wameiosha na sabuni mpaka roho imetoka, Gumato anasema sasa ndiyo anasikia kila kitu, mimi nikapiga kifua nikasema nifungeni macho, wekeni la zamani, wekeni jipya, niwaonyeshe kazi.

Gumato akanifunga na mtandio wake. Wimbo wa kwanza nikasema, "Toleo la zamani, hata vumbi nalisikia." Sawa. Wa pili nikasema, "Jipya, ngoma inapiga kelele kama makanga wa matatu." Sawa. Kiogora akasema, "Huyu si mtu, huyu ni jini."

Ikaja ya tatu. Ni ile sehemu ya gitaa pekee katikati ya wimbo, ile ngumu inayovunja watu vidole. Nikaangua kicheko nikasema, "Na hili ni toleo gani, la matanga? Huyu vidole vyake viko likizo! Mwambieni arudi kuchunga ngamia!" Kiogora akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Halafu muziki ukakatika. Nikavuta mtandio, nikamuona Halake anachomoa simu yake kwa spika.

Ni yeye alikuwa amepiga hilo gitaa. Kuna mwanajeshi wa kambi ya Burat alipohamishwa alimwachia gitaa, na Halake amejifundisha peke yake, akajirekodi kwa simu, akajiweka hapo kimyakimya katikati ya wale wazee aone kama anaweza kusimama nao. Na hayo maneno ya ngamia ndiyo baba yake humwambia kila siku. Alinitazama akasema tu, "Sawa, jaji." Akaenda.

Tangu siku hiyo hashiki simu yangu, na Gumato ameniambia Jumamosi hii gitaa linaenda kwa vijana wa kanisa kule Gotu, waliliomba na yeye amekubali, anasema amemaliza na huo ujinga. Watu wote wananitetea, "Alikuwa amefungwa macho, angejuaje?" na mimi pia nasema hivyo, na nilitaka kukuomba usome barua hii kwa sauti kubwa kwa sababu Gumato hufungulia kipindi chako na Halake anaweza kupita hapo akasikia kwamba haikuwa makusudi.

Lakini Mama, hapa kalamu imenikataa. Halake akitaka kupanda juu kwa gitaa, kidole chake huteleza kwanza, kunalia kasauti kadogo kama panya aliyekanyagwa. Hiyo sauti nimeisikia kupitia mabati kila jioni. Siku ile ililia na mimi nikaijua hapo hapo, kabla sijafungua mdomo. Na alipiga vizuri. Alipiga vizuri sana, ndio maana nilicheka.

Mimi Masikio, Isiolo.

*

Wewe Masikio,

Nimecheka na barua yako mpaka karibu na mwisho, halafu ukaninyang'anya kicheko changu.

Nakuelewa. Kila Jumapili wewe ndiye mjuzi, wengine wanasubiri useme, mara rafiki yako anajua kufanya kile ambacho wewe unajua kusikia tu. Inauma. Lakini wivu ni wako, kijana, mbona umbebeshe Halake? Alikuja kuuliza kama anafaa, na wewe uliyekuwa na jibu ukampa matusi ya baba yake.

Usingoje mahakama yenu ya Jumapili, gitaa litakuwa limeshaondoka. Kesho asubuhi zunguka huo ukuta wa mabati, bisha hodi. Usibebe soda wala mzaha. Mwambie yale maneno yako ya mwisho tu, hayo mengine ya digrii mwachie Kiogora. Mwambie kuhusu kidole kinachoteleza, atajua husemi uongo, kwani nani mwingine angesikia? Kisha waite Gumato na Kiogora urudie mbele yao, kwa sababu ulimcheka mbele yao.

Akisema bado anatoa gitaa, usibishane, ni lake. Lipeleke Gotu wewe mwenyewe, polepole, lisigongwe. Akikubali kupiga tena, mtandio ubaki kwa mwenyewe. Mtazame anavyopiga.

Na wewe Halake, kama redio ya Gumato iko wazi, huku si kuombwa radhi. Mwenye kukuomba anakuja mwenyewe. Asipofika kabla ya Jumamosi, funga mlango, na upige gitaa kwa nguvu asikie kupitia mabati.