Pete Tatu za Mashine ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Baba kaondoka asubuhi kwenda kumuuguza shangazi. Wiki mbili! Kaniachia ufunguo wa karakana na amri moja: usihamishe kitu. Kairudia mlangoni, kairudia garini pembeni ya dereva, kisha gari linaondoka akachomoza kichwa dirishani kuirudia tena. Ndiyo Baba, ndiyo Baba. Mtu na vyuma vyake!

Na mimi nina siri. Ile mashine yake ya milingi, ya kuchongea chuma, nitaitia mota. Miaka thelathini anasogeza meza yake, inayobeba chuma, kwa hendeli tatu, zungusha, zungusha. Bega linamuuma, kila jioni Mama anamkanda, na kazi haachi. Sasa kompyuta ndiyo itazungusha. Yeye atakaa kwenye stuli, aandike namba, basi. Mota nimezitoa kwenye mashine mbovu kiwandani kwetu, kwa ruhusa. Mume wangu anasema angetunzwa hata nusu ya ninavyozitunza mota hizi angekuwa amenenepa.

Nimefungua karakana, taa haiwaki. Napanda ngazi — balbu imeungua zamani, buibui kaijengea nyumba! Dirisha lenyewe ukubwa wa daftari. Sasa Baba alikuwa anafanyaje kazi humu? Nimeshangaa hadi nikacheka. Ubahili gani huu! Nimeweka balbu mpya.

Jumatano, 5 Machi

Hendeli zimetoka. Nanuka oili mpaka kwenye nywele.

Nyuma ya kila hendeli kuna pete ya chuma yenye mistari mia na namba zake. Ndiyo inayokuonyesha umesogeza meza kiasi gani. Jamani, siamini! Baba, mtu msafi namna ile, kaziacha zimeganda grisi nyeusi, hakuna namba inayosomeka. Nikazilowesha kwenye petroli. Kumbe chini ya grisi ukingo mzima una makovu! Makubwa, madogo, kama panya amepita na meno. Zote tatu! Sijui aliziangusha, sijui alizigonga.

Nimezipiga tupa hadi kingo zikawa sawa, kisha msasa, kisha kitambaa. Zinang'aa kama bangili za bibi harusi. Hazina kazi tena, ila nitamtundikia ukutani ziwe kumbukumbu. Atafurahi huyo!

Jumamosi, 8 Machi

Balaa!! Nimeiambia meza iende kushoto milimita kumi. Ikaenda kulia. Na haikusimama! Ikaenda, ikaenda, ikagonga mwisho kwa kishindo, mota inalia, mimi napiga kelele, nikaing'oa plagi kwa teke. Kumbe nimegeuza waya. Mimi! Fundi wa miaka kumi na moja!

Mama kauliza kutoka uani ni nini hicho kimeanguka. Nikasema ndoo. Hakuingia. Anasema humo haingii mtu, mwenyewe akiwa hayupo.

Jumatatu, 10 Machi

INAFANYA KAZI!

Nimeandika namba, ikachonga duara. Meza inakwenda huku, inarudi kule, hakuna mkono uliogusa kitu. Nimesimama mdomo wazi. Nikapima, imekosea kidogo tu: skrubu inayosukuma meza imelika, ukigeuza mwelekeo inacheza hewani kwanza ndipo ishike. Nimeifundisha kompyuta kuongeza hapo. Sasa sawasawa kabisa. Lakini Baba alikuwa anajuaje? Kazi zake zote zilitoka sawa, kwenye skrubu mbovu hivi! Mkono wa mtu huu, loo.

Nimelia kidogo, kwa furaha. Kesho namwonyesha Mama.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilimshika Mama mkono, nikamwingiza karakana, nikawasha. Meza ikacheza ngoma yake. Nikasubiri vigelegele. Mama hakuangalia hata meza. Akauliza hendeli ziko wapi. Nikamwonyesha kwenye boksi. Akauliza pete. Nikamwonyesha ukutani, zinang'aa kwenye msumari. Akazishusha, akapitisha kidole kwenye ukingo. Akazungusha. Akapitisha tena.

"Alama ziko wapi?"

Nikasema alama gani, Mama, yale makovu? Nimeyasugua. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pete ziko mapajani.

Baba haoni.

Haoni! Miaka sita! Anaona mwanga na kivuli, na hicho kivuli chenyewe kinazidi kupungua. Daktari alishasema macho hayatarudi. Yale makovu alichonga mwenyewe kwa tupa, Mama akimsomea namba: kubwa kwenye sifuri, dogo kila kumi. Kidole gumba ndicho kilichokuwa kinasoma. Mchana kutwa walijifungia humo wawili, siku tatu, na sisi watoto wao tukawa tunacheka nje kwamba wazee mapenzi yamewarudia. Nilicheka mimi! Nilicheka kuliko wote!

Yote yananirudia moja baada ya jingine. Balbu. Usihamishe kitu. Mteja akileta mchoro, Baba anamwambia nisomee, mwandiko wenu wa siku hizi wa kuku. Akipewa kifaa cha mfano, anakishika, anakizungusha mkononi, anaongea siasa huku anakizungusha, watu wanasema mzee anafikiri. Na miwani! Nilimnunulia miwani mimi, mara mbili! Akaivaa! Akasema sasa naona mpaka sisimizi, mwanangu, asante.

Nikamuuliza Mama kwa nini mlinificha. Kwa ukali, nakiri. Akajibu kwamba Baba aliapa: siku mteja wa kwanza akijua, kazi imekwisha, na yeye bila karakana ni mtu wa kukaa ukumbini kuhesabiwa dawa. Kisha akasema taratibu, na wewe hukuwahi kuuliza.

Mashine moja duniani aliyoiweza. Nimeing'oa hendeli nikaiwekea kioo cha kusoma. Kimbelembele changu!

Alhamisi, 13 Machi

Nimejifunga kitambaa machoni nikashika pete. Laini tupu. Hakuna pa kushika.

Nilitaka nizichonge upya kabla hajarudi. Mama anakumbuka zile za sifuri na za kumi. Lakini anasema baadaye Baba aliongeza nyingine peke yake, za kufuata pale skrubu inapocheza. Hizo hakumwonyesha mtu, zimo kidoleni mwake tu. Usilolijua ni kama usiku wa giza, wanasema. Giza la Baba lilikuwa na ramani, mimi nikaipiga msasa.

Nimerudisha hendeli mbili. Ya tatu inazuiwa na kiti cha chuma kinachobeba mota, lazima nikikate. Shangazi kapata nafuu. Baba amepiga simu, anarudi kesho! Si wiki ijayo. Kesho!

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa alasiri. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya meza ya mashine. Baba yuko hapa, hatua mbili.

Alifika, hakunywa hata maji. Akaingia moja kwa moja, hatua saba kutoka mlangoni, sasa najua kwamba anazihesabu. Nilikuwa bado nakata chuma. Nikasimamisha msumeno. Akanyoosha mkono kushika hendeli ya kushoto, ile isiyokuwepo. Mkono ukabaki hewani. Sitausahau mkono ule.

Akapapasa. Akaikuta mota. Akaifuata waya kwa waya hadi kwenye kompyuta, akaigusa kioo, akaacha alama za vidole. Akaniita kwa jina, nikaitika. Nikamwambia yote ya mota, kwamba ilikuwa zawadi, bega lako Baba, nikaongea kama cherehani. Ya macho sikusema. Mama alinikataza, anasema mwache aseme mwenyewe.

Akaomba pete.

Nimempa. Amekaa kwenye stuli niliyomnunulia. Kidole gumba kimezunguka ya kwanza, polepole, mara moja, mara mbili. Ya pili. Ya tatu hakuimaliza. Uso haukubadilika hata kidogo. Ningependa anigombeze! Anitukane!

Kisha akauliza hiyo kompyuta yangu inasema, au inaandika tu?

Inaandika tu, Baba. Hilo tu ndilo lililonitoka! Na inaweza kufundishwa kusema, najua inaweza, wiki moja tu. Anazungusha zile pete mkononi, na mimi nimeshika kalamu kwa sababu nisiposhika kitu nitaanguka.

Amegeuza sikio upande wangu. Anauliza naandika nini muda wote huo.

Nimesema vipimo.

Anasema haya, nisomee.