Sori ya Pole na Sori ya Samahani

Brooklyn Center, Minnesota

Dada Nduku mpenzi,

Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na theluji ndiyo kwanza inayeyuka. Usiseme tena kwamba nimenenepa kwenye picha. Lile ni koti.

Uliuliza kwa nini nimekuwa kimya tangu Krismasi. Sikutaka kusema kwa simu, Mama akiwa karibu. Hapa nyumba ya wazee ninapofanya kazi tulikuwa na msimamizi wa zamu, Rick. Alikuwa akinifuata kwenye chumba cha mashuka, ananishika kiuno na kusema maneno ambayo sitayaandika. Nilimkataza. Nikaandika barua kwa ofisi, ikalala kwenye droo. Basi siku moja nikamsukuma, akagonga kiwiko kwenye rafu. Nami, kwa malezi ya Mama, nikasema, "Oo, sori, sori!"

Rick akawahi ofisini kushtaki kwamba nimempiga, na kwamba nilimwomba msamaha mwenyewe. Mkuu wa nyumba, mama mmoja mrefu asiyecheka, akaniuliza, "Ulimwambia sori?" Nikasema ndiyo. Akaandika. Nduku, niliona kazi imekwenda, na jina langu limekwenda nayo. Nilikuwa na hasira hata machozi yakakataa kutoka.

Aliyeniokoa ni Mama Furaha, Mkongomani anayefua nguo hapa, tunasali kanisa moja. Aliitwa kwa kuwa alinisikia nikimkataza Rick. Akaletewa mkalimani kwenye simu. Alipoulizwa habari ya sori, alicheka hadi akashika mbavu.

"Madame, ile haiko pardon! Ile iko pole. Hata mwizi akianguka, sisi tunamwambia pole!"

Mkalimani naye akasikika akicheka. Mkuu akalifuta lile neno, kisha akafungua droo, akaisoma barua yangu mbele yangu. Kumbe sheria ya huku haimtazami Rick peke yake. Kampuni yenye nyumba hii ndiyo iliyompa mamlaka juu yetu, ikaambiwa, ikakaa kimya, kwa hiyo nayo inawajibika.

Rick amefutwa. Mimi bado niko kazini, zamu ya asubuhi, na chumba cha mashuka naingia nikiimba.

Jumatatu mkuu aliniita. "Sori, Mutheu," akasema.

Nikamwuliza, "Ya pole, ama ya samahani?"

Akainama kidogo. "Sama-hani," akasema. Kumbe alikuwa amejifunza kwa Mama Furaha. Nilifurahi, dada, siwezi kuficha.

Nisalimie shemeji, na watoto wako, na shangazi wa dukani. Mama usimweleze haya, mpe tu sori yangu ya mguu. Lakini iseme kwa Kiswahili, asije akadhani ni mimi niliyeuvunja.

Mdogo wako akupendaye,
Mutheu