Maji ya Bwana Sudi

Jumatatu, 20 Novemba 1961

Nimedeki chumba cha mama kabla ya kwenda shule. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Maji yanapenya chini ya ukuta wa nyuma, rangi ya chai, yananuka ngozi mbichi. Kitanda nimekiinua juu ya matofali. Mama anasema sasa analala ghorofani. Anacheka. Mimi sicheki.

Jioni madaftari ya darasa la tano. Mvua tena.

Jumanne, 21 Novemba

Nimekwenda kwa Bwana Sudi, jirani wa upande wa juu, mfanyabiashara wa ngozi. Tangu asakafie ua wake kwa saruji mwezi wa nane, maji yake yote, ya mvua na ya kuoshea ngozi za chumvi, yanatoka kwa bomba moja. Bomba linatazama ukuta wetu. Nimemweleza kwa heshima zote. Amenikaribisha kahawa, kisha akasema, "Mwalimu, maji yanateremka. Ningeweza kuyapandisha, ningeyapandisha."

Vibarua wake wamecheka. Kahawa nimeiacha mezani, haijaguswa.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimebonyeza ukuta kwa kidole. Kimezama mpaka kiungo cha pili. Chumvi inautafuna. Marehemu baba alifyatua kila tofali kwa mikono yake, mama akimchotea maji ziwani. Sasa ni uji.

Nina hasira. Darasani nimemkaripia mtoto asiye na kosa.

Ijumaa, 24 Novemba

Kaka Hamisi amekuja kutoka Igoma. Anataka kumchukua mama akakae kwake. Anasema Sudi ni mtu mwenye nafasi na mimi ni mwanamke niliyeachika, nani atanisikiliza. Mama alikuwa akichambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Hamisi, mimi nilihama mara moja tu, kutoka Ukerewe, nikiwa bibi harusi. Inatosha."

Basi. Kama yeye haondoki, mimi sinyamazi.

Jumatatu, 27 Novemba

Baada ya vipindi nimekwenda ofisi ya mji na barua. Karani kijana, shati limepigwa pasi vizuri. Anasema bwana mkubwa anayehusika na mifereji amepewa kazi ya kuandaa sherehe, nirudi baada ya tarehe tisa. "Subiri Uhuru, dada."

Nimemwambia ukuta wangu hauna kalenda. Ameipokea barua, akailaza chini ya furushi la bendera.

Nimeusubiri Uhuru kama watu wote, na zaidi. Lakini si kwa ajili ya kuambiwa hivi.

Jumatano, 29 Novemba

Leo mama amenipa habari ambayo sikuijua. Chini ya saruji ya Sudi kuna korongo. Lilipita katikati ya majabali mawili yaliyo uani kwake likashuka hadi ziwani, na mwenye kiwanja wa kwanza hakuligusa maisha yake yote. Mama alikuwa akifulia nepi zangu pale. Warithi wake wakalijaza kifusi kabla ya kumuuzia Sudi, naye akasakafia juu.

Nimepanda tena kwake, nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa upole, upole wa kumwonea mtu huruma. "Mama yako mtu mzima sasa. Anachanganya mambo."

Hilo limeniuma kuliko maji yenyewe. Mama anakumbuka jina la kila mtoto aliyezaliwa mtaa huu.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimeziba bomba. Kwa mikono yangu, baada ya shule, watu wakinitazama. Mdomo wa bomba umeingia kwenye kiwanja chetu kama hatua moja. Kilicho kwetu ni chetu. Nimejaza mawe, nikashindilia magunia, nikakandika udongo wa mfinyanzi. Nimechubuka vidole vitatu.

Sijutii.

Jumapili, 3 Desemba

Siku ndefu. Niiandike ilivyokuwa.

Mvua ilianza saa nne asubuhi, ile ya kumwaga kwa ndoo. Maji hayakuwa na pa kutokea, yakajaa uani kwa Sudi. Kabla ya adhuhuri ngozi zilikuwa zinaelea. Akashuka na vibarua watatu wenye mitaimbo. Mimi nikachukua mwavuli, nikakaa juu ya lile rundo la mawe. Nikajifunga kanga kiunoni.

Sudi alipiga kelele, nami nikampigia kelele. Majirani wakatoka vibarazani. Ndipo mama akaja na kigoda chake, polepole, akakiweka kwenye tope, akaketi ubavuni kwangu.

Sudi akashusha sauti. "Shikamoo, mama. Tafadhali nenda ndani, utalowa."

"Marahaba. Nimelowa siku nyingi, Sudi. Nimelowa kitandani kwangu."

Vibarua wakatazamana. Mmoja, Msukuma mrefu, akalaza mtaimbo wake chini, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Sudi aliwaamuru mara mbili. Hakuna aliyeinama kuokota.

Kisha tukasikia mpasuko. Saruji ya ua wake ilizama katikati, mstari mmoja mrefu kutoka jikoni hadi kwenye majabali, na maji yote yakaingia humo yakinguruma kuelekea ziwani, na ngozi kadhaa zikaenda nayo. Banda lake la ngozi likainama upande.

Mama akaonyesha kwa kidevu. "Pale. Nilifulia pale."

Sudi alisimama kwenye mvua akitazama ngozi zake zikienda.

Jumatatu, 4 Desemba

Ukuta umeanguka. Saa tisa alasiri, hakuna mvua, jua linawaka. Jana nilimshinda Sudi nikajiona shujaa, kumbe ukuta ulikwisha kufa zamani. Mama alikuwa jikoni nje. Kitanda kimevunjika vipande viwili. Kama angekuwa amejilaza humo!

Nimelia mbele ya watu. Hamisi amefika, akaanza, "Si nilisema?" Nimemwambia alete mikono au aondoke. Amevua koti. Tumezoa kifusi mpaka magharibi.

Jumatano, 6 Desemba

Sudi amekuja peke yake. Hakuomba radhi. Alitazama ile nafasi ya ukuta, akatazama kitanda, akasema, "Sikujua kuna korongo."

"Uliambiwa Jumatano iliyopita."

Akauliza nataka nini. Nikamwambia: korongo libaki wazi, bomba ling'olewe, ukuta ujengwe upya, kwa mawe. Mawili aliyakubali papo hapo. La tatu akasema ataangalia. Nikasema nimekwisha kuangalia mimi. Nikaleta karatasi na kalamu, nikaandika yote matatu, akatia sahihi, Hamisi shahidi.

Mkono wake ulikuwa mzito. Wangu haukuwa.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru. Nimeandamana na wasichana wa darasa langu hadi uwanjani, sare zote nyeupe, viatu vyangu vina tope la korongo. Tumeimba mpaka sauti zikakauka. Nililia tena, kilio kingine kabisa.

Kisha nimerudi kwenye chumba chenye kuta tatu.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimerudi ofisini, kama nilivyoambiwa. Barua yangu haionekani. Nimeketi palepale mezani kwa karani, nikaandika nyingine, nikasubiri mpaka akaigonga muhuri. Korongo linapita pia kwa wenzetu wa chini, na ofisi lazima ijue lipo.

Jumapili, 17 Desemba

Ukuta wa mawe umefika usawa wa bega. Yule kibarua Msukuma ndiye anayejenga, kazi yake safi. Mama amemwomba aache nafasi ya dirisha, upande ambao haujawahi kuwa na dirisha. Unatazama uani kwa Sudi. Nimemuuliza anataka kuona nini huko. "Watu," amesema.

Asubuhi Sudi alisimama ng'ambo ya korongo akamwamkia mama, naye akaitikia, wakazungumza habari za mguu unaomsumbua mke wa Sudi. Mama anamjua mtu wa kuukanda. Mimi nilikuwa ndani nafua mapazia. Sikutoka. Sijafika huko bado.

Sasa mama amejilaza. Upepo wa ziwa unaingia juu ya mawe.