Mama Hakuuza Vyombo

Mama, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila salamu. Barua hii nimeiandika mara nyingi nikaichana. Sasa naiandika mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu waliosikia habari mbaya juu yako wametawanyika. Wengine wamehamia Kasulu, wengine wamevuka ziwa kurudi Kalemie kwa ndugu zao, na wote wameondoka wakiamini kwamba uliuza vyombo vya watu. Hukuuza. Niliuza mimi.

Nianzie Dodoma, ulipokuja kunitembelea kwa treni ukiwa na samaki wakavu wa migebuka na dumu la mawese. Ulifungua kabati langu utundike baibui lako, ukakosa nafasi ya hata hanga moja. Ukainama kuangalia chini ya kitanda, ukakuta maboksi ya viatu yamepangwa mpaka ukutani.

"Rukia, unafungua duka?"

Nikasema ni vya kazini. Ukacheka. "Vyote hivi unavaa kwa miguu ya nani?"

Wiki ile mizigo mitatu ililetwa mlangoni kwa pikipiki. Ulipokea wewe, maana nilikuwa ofisini. Wa kwanza uliuweka mezani bila neno. Wa pili pia. Wa tatu ukaniambia, "Huyu baba wa pikipiki tumkaribishe chakula sasa, amekuwa ndugu." Nilinuna siku nzima, mama. Nilinuna kwa sababu ndani ya mzigo ule mlikuwa na blauzi nyeupe, na nyingine kama hiyo hiyo ilikuwa kabatini bado ina lebo.

Sijawahi kukueleza ilikuwaje. Nilikuwa nikitoka kazini nalala chali na simu, napitisha picha za nguo za Kariakoo kama mtu anayetafuna karanga. Utamu wote ulikuwa katika kusubiri. Nikishafungua mfuko, kitu chenyewe kinakufa mkononi, na mimi natafuta kingine. Hata zawadi nilizokununulia wewe zilitoka katika njaa hiyo. Unaukumbuka ule mkoba mwekundu wenye mnyororo? Ulinishukuru vizuri sana. Nilipokuja likizo nikamkuta binti wa jirani yetu Mama Zuhura ameubeba, anakwenda nao chuo cha uuguzi. Nikakulalamikia.

"Mimi na mkoba ule nakwenda nao wapi, mwanangu? Mwaloni Katonga? Dagaa watanicheka."

Nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni niliona umenidharau.

Kisha nikahamishiwa Kigoma, nikarudi kukaa nawe Buzebazeba. Mizigo yangu ilijaza nusu ya fuso. Majirani walisaidia kushusha, na kila begi lilipopita mlangoni nilisikia aibu ikinipanda shingoni. Ndipo nikaamua kubadilika. Nilianza kutazama video za watu wanaoishi na vitu vichache, vyumba vyeupe, kitanda na kiti kimoja. Nikajiwekea nadhiri: mwaka mzima sinunui chochote ila chakula, dawa na nauli. Nikagawa magauni, nikagawa viatu. Ulifurahi kweli. Ulisimama chumbani kwangu ukasema, "Angalau sasa naona ukuta."

Ningeishia hapo ningekuwa na haki ya kujisifu. Lakini vitu vyangu vilipokwisha, mkono uliendelea kuniwasha. Hilo ndilo sikulielewa wakati ule. Ile hamu ya kununua haikuondoka, iligeuka tu ikawa hamu ya kutoa, na ilihitaji kulishwa vile vile. Nikaanza kuitazama stoo yako.

Tangu nikiwa mdogo stoo ile ilikuwa imejaa. Sahani za bati zimepandana mpaka usawa wa dirisha, masinia yameegeshwa ukutani, masufuria matatu ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, mabirika, majamvi yaliyokunjwa. Nilikuwa nimeshajipatia nadharia kwamba ugonjwa wa kurundika vitu nimeurithi kwako. Niliwahi hata kuwaambia hivyo wenzangu ofisini, nikacheka nao.

Ulipokwenda Mwandiga kwa mjomba kupumzisha presha yako, nikapata nafasi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wenzako wa mtaa wako Katonga kwenye dagaa. Nilimwita mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mkokoteni, akatundika mizani yake kwenye mlango wa stoo. Nikawa nampa sahani, yeye anazitumbukiza guniani, kelele mtaa mzima. Chini ya kila sahani palikuwa na nukta ya rangi ya kucha: nyekundu, nyeupe, kijani. Niliziona, mama. Sitaki kujificha kwa kusema sikuziona. Nilidhani ni michezo yetu ya utotoni. Mimi ambaye ofisini sisaini karatasi bila kuuliza imetoka wapi, sikuuliza.

Mama Neema, yule Muha aliyekuwa amepanga nyumba ya jirani hata mwezi haujaisha, alichungulia juu ya uzio akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye! Mnahama?"

"Hatuhami, tunapunguza vitu."

"Mna bahati, dada. Sisi wengine hatuna cha kupunguza."

Tukacheka wote wawili. Kisha nikafagia stoo, nikaipaka chokaa, nikaipiga picha nikawatumia marafiki. Furaha niliyoipata ilikuwa ile ile ya kupokea mzigo mlangoni. Ile ile kabisa. Na kama ile, haikufika hata jioni.

Ulirudi siku ya Jumanne. Ulivua viatu, ukanywa maji, ukaenda stoo kutafuta ungo. Nilikufuata nyuma kama mtu anayengoja kupongezwa.

"Viko wapi?"

"Nimeviondoa, mama. Nyumba sasa inapumua."

Ulishika mlango. Hukupaza sauti. Ungepaza ningekujibu, ningekuwa na la kusema. Ulikaa juu ya kizingiti ukaanza kunieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni njia. Nyekundu ni za Mama Zuhura. Nyeupe ni za Bi Tatu. Kijani ni za marehemu mama yake Bi Tatu, ambaye aliziacha zitumike. Masufuria walichanga wanawake wa mtaa wote, na majamvi vilevile. Kila msiba, kila harusi, kila hitima ya mtaa wetu ilikuwa ikianzia kwenye stoo ile, na walikupa wewe uvitunze kwa sababu hakijawahi kupotea hata kijiko.

"Na za kwetu zina rangi gani?" nikauliza.

"Za kwetu hazina alama. Zilikuwa sita."

Nilimtafuta mnunuzi kesho yake. Alikuwa ameshapakia kwenye gari la mizigo. Nikarudi nikasema, "Nitanunua vingine, mama." Ukanitazama. "Utanunua," ukasema, na mpaka leo sijui kama ulikuwa unakubali au umechoka.

Na sikununua. Hapa ndipo panaponichoma kuliko pote. Sikununua kwa sababu nadhiri yangu ya mwaka ilikuwa haijaisha. Niliogopa kwamba nikiingia dukani mara moja nitarudia hali yangu ya Dodoma, nikajiambia tusubiri kidogo tu. Nilikuwa nalinda usafi wangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukiulipia.

Bi Tatu alikuja siku chache baadaye. Mjukuu wake anaolewa, anataka masufuria. Nilikuwa chumbani, mlango umeegeshwa.

"Bi Tatu, nisamehe," ulisema. "Vyombo sinavyo. Nilipatwa na shida, nikavitoa."

"Vyote?"

"Vyote."

Kisha Bi Tatu akasema kwa upole, "Ungetuambia, Mama Rukia. Tungechanga."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa. Ningefungua ningekuwa nimefika mbele yenu kwa hatua tatu. Sikufungua. Ulipoingia chumbani hukunilaumu. Ulisema, "Wewe ndiyo kwanza unaanza tena maisha mtaani hapa. Mimi wananijua." Ulidhani kukujua kungetosha.

Hakukutosha. Walianza kupita bila kuingia. Ulipokwenda Katonga kuchukua dagaa wa kuanika, ulikwenda peke yako, wakati miaka yote mlikuwa mkiondoka kundi zima mkipigizana kelele. Mimi niliyaona hayo, nikakwenda kazini, nikarudi, nikayaona tena. Kabla mwezi haujaisha presha ikakuchukua.

Kwenye msiba wako wanawake walikwenda kuazima vyombo mtaa wa pili. Nilikuwa nabeba chai nikasikia kule jikoni uani mmoja akiuliza, "Inakuwaje msiba wa Mama Rukia mwenyewe hauna sahani?" Mwingine akamjibu, "Si aliviuza. Lakini mgonjwa ana shida zake, tusimseme." Wangekutukana ningeweza kuchukia. Walikuhurumia. Nami nikapitisha sinia la vikombe, nikasema "karibuni chai".

Siku tulipogawa nguo zako, mama mdogo aliuliza kama kuna kabati jingine. Halikuwepo. Magauni matatu, khanga, baibui, ndala za kwendea Katonga. Vyote viliingia kwenye beseni moja na beseni halikujaa. Mtu aliyekuwa akiishi na vichache alikuwa chumba cha pili, na mimi nilikuwa nikimtafuta kwenye simu.

Nilikaa kimya mpaka arobaini yako ikapita, na baada ya hapo nikakaa kimya zaidi. Nadhiri yangu ilitimiza mwaka na sikumwambia mtu. Bado sinunui ovyo, mama, lakini siwezi tena kuliita jambo hilo wema. Nikisimama mbele ya duka nikapita bila kuingia, sijisikii nimeshinda. Najisikia mtu aliyekwishafanya hasara kubwa na sasa anabana senti.

Mwezi uliopita nilikwenda barazani kwa Mama Zuhura. Walikuwa wanachambua mchele wa hitima, wanawake saba au wanane, Bi Tatu akiwa katikati. Niliamkia, nikakaa mkekani, nikavuta ungo. Nikasema kabla sijaingiwa na woga: "Mama hakuuza vyombo. Niliviuza mimi akiwa Mwandiga. Alisema ni yeye ili nisiaibike, na mimi nilikuwa ndani nikisikia."

Mikono ikasimama kwenye mchele.

Bi Tatu alijipiga kofi pajani. "Kumbe! Na mimi nilimpelekea ndoo nzima ya dagaa nikidhani ana njaa!"

"Akapokea?" mmoja akauliza.

"Akapokea. Akanishukuru mpaka nikaona haya."

Sikujua habari ya ndoo ile, mama. Nilikula dagaa wale. Wewe uliyeanika dagaa maisha yako yote ulipokea sadaka ya dagaa ukainamisha kichwa, ili uongo wako usimame, na ukaja kunipikia.

Mama Zuhura aliondoka kwenye kiti chake, mzito vile alivyo, akasimama wima. "Wote mliomsema marehemu, mtakeni radhi. Mimi wa kwanza." Akaelekea upande wa makaburi ya Ujiji kama anayekuona, akasema, "Mama Rukia, tusamehe, mwenzetu. Tulikudhania." Na wengine wakafuata mmoja mmoja, wengine wakilia. Mimi nilikuwa nimeshajiinamia. Akanigeukia: "Na wewe usilie juu ya ungo, mchele utaloa."

Nikawaambia nitanunua vyombo vyote upya, na stoo ipo, ni nyeupe na ni tupu. Walitazamana.

"Kununua utanunua, tena kwa alama zetu," alisema Bi Tatu. "Lakini vitakaa kwangu. Kwako pamependeza mno, tutapachafua."

Walicheka, na hawakuwa wakatili. Nami nilistahili. Nimeshapeleka masufuria na sehemu ya sahani, zilizobaki nitamaliza. Nilipaka nukta za rangi mwenyewe, nyekundu, nyeupe na kijani, nimepiga magoti uani kwa Bi Tatu huku akinisimamia nisije nikakosea.

Jumapili iliyopita nilikuwa napita nyuma ya uzio wa nyumba yenye harusi. Wanawake walikuwa wanapakua. Sauti moja ngeni, nadhani ni bibi harusi wa mwaka huu aliyehamia hapa, iliuliza, "Eti vyombo vya zamani vya mtaa huu viliuzwa na nani?" Na sauti nyingine ikamjibu bila kufikiri, huku kijiko kikigonga sufuria: "Rukia, yule anayefanya kazi ofisi za mjini."

Nilisimama pale njiani nikasikiliza mpaka mwisho. Walisema mengi, mama, na yote yalikuwa kweli. Wewe hawakukutaja hata mara moja.

Lala salama, na nikubalie kwamba nilichelewa.

Ni mimi, mwanao Rukia.