Nimekiosha Chombo cha Anga cha Mume Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, ingawa mdogo wa mume wangu ameshacheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni dobi, nafua mashuka ya hospitali, kazi yangu yote ni madoa, damu, dawa, chai, kutu ya vitanda, nikiona doa mwili unaniwasha. Mume wangu ni fundi lifti, mtu mpole, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akiunganisha kichombo cha anga cha plastiki, kidogo tu cha kuenea kiganjani, cha safari za kubuni huko kwenye nyota, vipande anavishika kwa kibano, anapiga msasa, anatia gundi, anapaka rangi, huku ananieleza kila hatua nami nakunja nguo naitikia "mm", maana kusema kweli sikuwa nasikiliza, nilikuwa nafurahi tu kumwona amekaa karibu. Siku moja akasema, "Mke wangu, kimekamilika," akakiweka kwenye rafu ya sebuleni, kesho yake akasafiri kikazi. Basi mimi kupita na kitambaa nikakuta maskini chombo kimechafuka, mkiani masizi, mabawani michirizi ya mafuta, mlangoni kutu, nikasema haiwezekani, wageni wakiona watasema mke gani huyu. Nikachukua spiriti na vijiti vya pamba, nikafuta kila pembe taratibu mpaka kikawa cheupe pe, nikakipiga picha nikamtumia kwa fahari. Naye akaandika, "Kinang'aa kweli. Ahsante mke wangu."

Kabla hajarudi, mdogo wake alipita nyumbani, akapiga yowe: "Shemeji! Uchafu umeupeleka wapi?" Ndipo nikajua kuwa ule uchafu mume wangu aliuchora mwenyewe kwa brashi nyembamba, jioni baada ya jioni, ili chombo kionekane kimesafiri mbali. Yeye hajui kuwa najua. Wageni wakija anawaambia, "Mama watoto ndiye aliyeking'arisha," bila hata kejeli, lakini boksi la vipande vya chombo cha pili alilonunua halijafunguliwa, jioni anakaa tu na simu. Ninyamaze kwa kuwa amenisitiri, au nichukue masizi ya sufuria nikipake mwenyewe akiwa kazini? Nampenda sana huyu mtu, na naona nimezima kitu ndani yake.

Mama Usafi

JIBU

Mama Usafi, samahani, nimecheka. Sasa nimemaliza, tuongee.

Masizi ya sufuria yaache huko huko jikoni. Umeharibu mara moja kwa mapenzi, ukirudia itakuwa ukaidi. Wala usijilaumu kwa kitambaa, dobi asiyefuta doa ni dobi gani? Jilaumu kwa hiyo "mm". Mwenzio alikueleza kila hatua, bila shaka na ya kuchafua alikueleza, nawe ukaitikia kama mtu anayefukuza inzi. Furaha ya kumwona karibu ilikutosha wewe. Yeye alibaki peke yake mezani.

Hata hivyo una bahati, dada yangu. Mtu kaona jasho lake limefutwa, akashukuru, na bado anakusifia mbele ya watu! Wapo ambao wangevunja hadi sahani. Huyo hana hasira nawe. Amevunjika moyo, kwa sababu anaona hata akichora, wewe hutaona.

Basi leo akishakula, kitoe hicho chombo rafuni, kiweke mezani, umwambie, "Baba watoto, najua nilichofuta. Nisamehe. Nifundishe tukichafue upya." Usilie sana, maana ataanza kukubembeleza na mazungumzo yatapotea. Kisha toa ujuzi wako. Nani kama wewe anajua kutu inavyoshuka kutoka kwenye msumari, mafuta yanavyotambaa, doa la zamani linavyokolea pembeni na kufifia katikati? Yeye anayabuni, wewe umeishi nayo. Akikosea mwambie, "Hapana, mafuta hayaendi hivyo," halafu mtazame usoni.

Boksi la pili mlifungue pamoja, na spiriti uifungie kabatini. Usingoje mwisho wa wiki, usimtume shemeji yako. Mwambie leo, kabla hajazoea kukuficha yanayomuuma.