Kadi Nyekundu Iliyokaa kwa Mama

Wafula,

Nimemtoa mdogo wako uwanjani. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka utasema, kama ulivyozoea kusema, kwamba Mutua akiwa na kosa huanza kwa kuuliza habari za mvua. Jumamosi iliyopita, kwenye mechi ya kukukumbuka, mbele ya mama yako na nusu ya Kaloleni, nilimwonyesha Wekesa kadi nyekundu. Alikuwa amevaa jezi yako ya namba kumi na moja na viatu vyako vyeusi, vile ulivyovifunga kwa uzi wa gunia, na kwa kuwa vinampwaya alikuwa amejaza magazeti mbele. Sasa tukikutana bombani anageuza uso, nami nachota maji yangu na kurudi ndani.

Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini kwanza ujue yaliyobadilika tangu uende, ingawa si mengi. Kiwanda chenu cha blanketi kimepunguza watu, na wewe kwa ule mdomo ungekuwa wa kwanza kupunguzwa. Ukumbi wa mtaa umepakwa rangi mpaka usawa wa madirisha, kisha rangi ikaisha. Mimi bado ni karani wa bohari, bado napiga pasi kaptura yangu ya urefa kila Ijumaa, na hakuna tena mtu wa kunicheka kwa hilo. Halafu kulikuwa na Kombe la Dunia kule Ufaransa. Tuliangalia ukumbini, watu mia kwa televisheni moja. Mtangazaji akaeleza kwamba marefa wameagizwa hivi: mchezaji akimkwatua mwenzake kwa nyuma kwa njia ya hatari, ni nyekundu papo hapo, bila kungojewa kosa la pili. Niliinuka nikatoka nje, nikasimama kando ya ukuta nikalia. Dunia nzima ilikuwa imekubaliana nawe, na hukuwepo kunisimanga.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya jambo hilo? Jumapili baada ya kanisa, wewe unaosha viatu, mimi nimekalia ndoo yenu iliyopasuka. Mimi nilikuwa mtu wa kitabu. Nilisema rafu ina ngazi zake: unaonya kwa mdomo, unatoa kadi ya manjano, kisha nyekundu. Wewe ulisema ngazi ni za mtu aliyekosea, si za mtu aliyekusudia. "Buda, hiyo yellow yenu ni leseni," uliniambia. "Mtu anaumiza mwenzake, anaandikwa jina, anaendelea kucheza. Na mimi naenda nyumbani nikichechemea." Nikakuuliza refa atajuaje makusudi, yeye si Mungu. Ukaniambia niangalie macho. Anayetaka mpira huangalia mpira, anayetaka mguu huangalia mguu.

Ulikuwa pia na ile sheria yako mwenyewe, ambayo niliicheka mpaka nikaanguka kwenye ndoo. Ulitaka anayemuumiza mwenzake kwa makusudi akae nje mpaka aliyeumizwa arudi uwanjani. Akikaa hospitali wiki, naye akae nje wiki. Akikaa mwaka, mwaka. Nilikuuliza, na asiporudi kabisa? Ukakung'uta maji kwenye kiatu, ukasema basi huyo mwingine atafute kazi ya kanisa. Tulicheka sana siku hiyo, Wafula, na Wekesa alikuwa ameketi mlangoni akitusikiliza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Sijawahi kuielezea kwa ukamilifu, hata moyoni mwangu huwa naruka mahali fulani.

Ilikuwa mechi ya matanga ya mke wa Mzee Ambani. Desturi yetu unaijua kuliko mimi, maana baba yako alikuwa mmoja wa walioilinda. Mtu wa mtaa akifa, kabla mwili haujasafirishwa kwenda magharibi, timu zetu mbili hucheza, na wafiwa huwekewa viti vya ukumbi kando ya mstari. Kabla ya filimbi ya kwanza, refa hutoa kadi yake nyekundu mfukoni na kumkabidhi mkubwa wa wafiwa. Yaani leo hakuna anayefukuzwa, nyumba ya kilio haimfukuzi mtu. Mechi ikiisha, mfiwa humrudishia. Nilikuwa naipenda desturi hiyo. Nilikuwa nikiitoa ile kadi kwa mikono miwili, nikiinama kidogo, na nilijiona mtu wa maana.

Mzee Ambani aliipokea akaitia kwenye koti.

Upande wa pili alikuwepo Sande, yule beki anayebeba mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko. Wiki moja kabla ulikuwa umempitishia mpira kati ya miguu mara mbili, watu wakamcheka, na wewe hukuweza kuacha hivyo, ukarudi ukamsubiri ili umpite tena. Huo ulikuwa ubaya wako, na nausema kwa sababu nakupenda. Lakini si ubaya wa kumuua mtu.

Dakika kama ya ishirini ulimpita, naye akakufuata kwa nyuma akakupiga kifundo cha mguu. Mpira ulikuwa umekwenda. Niliyaona macho yake. Yalikuwa mguuni kwako tangu alipoanza kukimbia, kama ulivyonifundisha. Mkono wangu ulikwenda mfukoni nikakuta kadi moja tu, ile ya manjano, nikaitoa hiyo. Ukainuka ukichechemea, ukanijia karibu, ukasema polepole ili wengine wasisikie: "Mutua, huyu ameniambia leo atanitoa. Umesikia?"

Nikakujibu, "Cheza mpira."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Miaka ishirini na tano ya kula sahani moja, kuazimana mashati, kufichiana makosa, na cha mwisho kutoka mdomoni mwangu ni hicho, kwa sauti ile ya kirefa uliyoichukia.

Baada ya mapumziko ukakata kuingia ndani kutoka winga ya kushoto. Ulikwisha kupiga krosi. Mpira ulikuwa hewani, kila mtu anauangalia, isipokuwa Sande, na isipokuwa mimi niliyekuwa namwangalia Sande. Alikuingia kwa goti tumboni. Hukupiga kelele. Uliketi kwenye nyasi ukashika ubavu kama mtu aliyesahau kitu, na nilipofika ulikuwa umegeuka rangi.

Hiyo ilikuwa ya pili. Hata kwa ngazi zangu za kitabu alikuwa amemaliza. Na unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwa kapteni wake nikamwomba ambadilishe. Ndivyo tulivyozoea kufanya kwenye matanga, ili kusiwe na aibu. Sande akatoka kama mchezaji aliyechoka, wenzake wakampigia makofi mawili matatu. Mzee Ambani alikuwa ameketi hatua kama ishirini kutoka hapo, kadi yangu kwenye koti lake.

Bandama lilikuwa limepasuka. Siku ya tatu ukatuacha.

Kuna jambo moja hulijui kwa sababu ulikuwa umelazwa bila fahamu. Pale kwenye varanda ya wodi, mama yako alinishika mkono akaniuliza, "Mutua, ilikuwaje?" Nikamwambia, "Waligongana, mama. Walikuwa wanawania mpira." Alinitazama usoni, akasema asante mwanangu. Na watu wengine waliponiuliza nikarudia hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia mama. Nilijidai namkinga yeye. Nilikuwa najikinga mwenyewe. Kama mligongana, basi hakuna refa aliyeona makusudi na kuyaacha.

Mwaka mzima nimekunywa chai yake juu ya uongo huo. Kila Jumapili ananiwekea kikombe chako, kile cha bati chenye ua, na mimi nakunywa.

Sande hakucheza tena. Amekonda, ndevu zimemjaa, na ukimkuta Kiamaiko anashusha mbuzi hasemi na mtu. Mwezi uliopita alikuja kwa mama yako na kapteni wao, akapiga magoti mlangoni. Sikuwepo. Nasikia alisema tu kwamba amekuja, maneno mengine yakamshinda. Mama akamwambia ainuke, na akamtaka acheze mechi ya kukukumbuka, ili mtaa uone kwamba mambo yamekwisha. Ni mama yako huyo, usiniulize mimi.

Wekesa hakukubali. Kabla ya mechi alinifuata nikiwa naangalia nyavu, akaniambia, "Marehemu alisema anayeumiza akae nje mpaka aliyeumizwa arudi. Wafula amerudi?" Nilimwambia avae vizuri soksi zake. Ona nilivyo, ndugu yangu, kila mara mtu anaponiletea jambo la moyoni mimi namjibu habari za mpira.

Nikamkabidhi mama yako kadi, kwa mikono miwili. Hakuitia kwenye mkoba. Aliishika mkononi muda wote wa mechi pamoja na leso yake nyeupe, nami kila nilipopita upande ule niliiona.

Kipindi cha pili, karibu na kona, Sande aliupata mpira akautoa kwa mguu wa kulia. Wekesa alikuwa mbali. Alikimbia hatua kumi au zaidi, na macho yake hayakuuangalia mpira hata mara moja. Aliruka akatua kwa viatu vyako juu ya goti la Sande. Mlio wa mfupa ulisikika hadi kwenye viti.

Kwa muda nilikuwa sijui nipo kwenye mechi gani. Nakuambia ukweli. Nilitaka kumwacha. Nilitaka niseme waligongana. Sehemu yangu moja ilifurahi, furaha mbaya sana, ikasema sasa yamekuwa sawa. Sande alikuwa amelala chali, jasho usoni, akaniambia, "Refa, wacha tu. Mwache." Makapteni wote wawili wakanijia na maneno yaleyale, leo ni siku ya Wafula, ndugu ya marehemu hatolewi, tumwombe abadilishwe yaishe.

Abadilishwe. Niliposikia neno hilo nilianza kutembea.

Nilivuka uwanja mzima. Wale waliokuwa wakipiga kelele walinipisha walipoona ninakokwenda. Nikasimama mbele ya mama yako, nikavua kofia, nikamwambia, "Mama, naomba kadi. Ni ya Wekesa." Alimtazama mwanawe kule konani, kisha akanitazama mimi. Akaufungua mkono wake taratibu, akanipa ile kadi ikiwa na joto la kiganja. Na akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya kawaida tu ya kumwambia mtu mlango uko wazi:

"Na siku ile ungemwomba mzee Ambani, hangekunyima."

Alijua, Wafula. Tangu varandani alijua. Mwaka mzima ananimiminia chai, ananiuliza kama sukari imetosha, akijua kuwa nimemdanganya na akingoja niseme. Na alichosema ni kweli, ndilo linalonitafuna. Haikuwa desturi iliyonizuia. Zilikuwa hatua ishirini mpaka kwenye kiti cha yule mzee. Hakuna aliyewahi kusema kadi haiwezi kuombwa, ila hakuna aliyewahi kuiomba, na mimi nikaona haya. Niliona haya kuvuka uwanja.

Nilirudi nikamwonyesha Wekesa. Alivua jezi yako akaikunja vizuri, akaiweka chini miguuni pangu, akaondoka kifua wazi. Sande yuko na plasta mpaka pajani. Wanasema atatembea, kubeba mbuzi haijulikani. Mama yako hajaniita kwa chai wala hajanikataza. Jumapili iliyopita mlango wake ulikuwa wazi kama kawaida na mimi nikapita upande wa pili wa barabara.

Wapo wanaosema nimemuonea Wekesa, kwamba nilipata ujasiri kwa mdogo wa rafiki yangu baada ya kuukosa kwa adui yake. Inawezekana. Nimeligeuza jambo hilo wiki nzima na sijalimaliza. Najua tu kwamba aliyaangalia magoti na si mpira, na kwamba safari hii nilipoona sikujifanya sikuona. Kama ungekuwa kwenye nyasi zile ungenitukana kwa ajili ya mdogo wako, kisha jioni ungekuja kunigongea ukutani ukubali nilikuwa sawa. Ule ukuta unaotenganisha nyumba yenu na yangu sasa umekaa bure, naugonga wakati mwingine na Wekesa hajibu.

Nimewaambia wazee wa mtaa kwamba mechi ya matanga nitakayochezesha mimi, kadi itabaki mfukoni mwangu. Wasipotaka, watafute refa mwingine. Kwa sheria yako hata mimi nilipaswa kukaa nje mpaka urudi, lakini hiyo ingekuwa rahisi mno kwangu, kukaa nyumbani na kaptura iliyopigwa pasi.

Nakuaga hapa, Waf. Karatasi hii nitaikunja niiweke ndani ya jezi yako, ambayo bado ninayo kwa sababu hakuna aliyekuja kuichukua. Keshokutwa ni Jumapili. Baada ya kanisa nitaenda kwenu nikiwa nimeibeba. Nitaingia kwa mlango wa mbele, na kabla hajashika birika, kabla hajanipa kile kikombe chako, nitamwambia mama yako kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba hamkugongana. Niliona.

Wako,
Mutua