Mahitaji ya Maji ya Rakitovo: Sifuri

Dolno Rakitovo,
Jumapili, 22 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Lyuben,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na wifi yangu Maite na watoto huko ugenini. Mgongo wako unaendeleaje? Uliponiambia daktari amekukataza kuendesha lori safari ndefu nilifurahi na kuhuzunika kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu utalala kitandani kwako. Nilihuzunika kwa sababu najua ulivyo, ukikaa ndani siku mbili unaanza kugombana na mapazia.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Spas anakohoa kama kawaida yake na sigara hajaacha, usimwulize. Wiki hii nimechoma pilipili hoho za kusaga kwa ajili ya baridi, ila nimefanya kidogo, chupa chache tu, kwa sababu kuziosha kunataka maji.

Na hapo ndipo penyewe. Umelalamika kwamba siku hizi kwenye simu nakujibu kwa mkato. Ni kweli. Nikilianza jambo hili kwa mdomo naishia kutukana, na Maite sasa anaelewa Kibulgaria vizuri kuliko unavyodhani. Nimeona niandike, labda kalamu ina adabu kuliko ulimi wangu.

Unajua kwamba mwanangu Mihail na mkewe Yoana walirudi kijijini Oktoba mwaka jana, na Kalina mdogo, wakapanda rasiberi kwenye lile shamba nyuma ya nyumba. Lyuben, nilikuwa nimesahau sauti ya mtoto ndani ya nyumba hii. Spas alimtengenezea bembea kwenye mti wa jozi, yeye ambaye mlango wa choo umemshinda tangu wewe uondoke.

Mwezi Mei tukaitwa mjini, kwenye jumba la utamaduni, kusikiliza mpango wa maji wa mkoa mzima hadi mwaka 2050: maji yatatoka wapi, yataenda kwa nani, na nani atahitaji kiasi gani. Yoana alishikilia twende. Alisema rasiberi haziishi kwa mvua, lazima tujue. Tukapanda gari moja, mimi, Mihail, Yoana na mtoto, na jirani yetu Bibi Dobrinka katikati na mkoba wake wa kanisani.

Mtaalamu aliyekuja kutoka Sofia ni kijana anayeitwa Kamen, ndevu zimechongwa, mpole, sauti kama ya mtu anayekupa pole msibani. Akatandaza ramani ukutani. Mji ni wa buluu. Hoteli za maji moto upande wa pili wa kilima ni za buluu nzito. Sisi ni wa kijivu.

Bibi Dobrinka hakusubiri zamu ya maswali.

"Mwanangu, hao wa kijivu ndio akina nani?"

"Bibi, hayo ni maeneo yasiyo na mahitaji ya kudumu."

"Yaani hatuna kiu?"

Watu wakacheka. Kamen naye akatabasamu kidogo, akaeleza kwamba ikifika mwaka 2045 hesabu inaonyesha wakazi wa Rakitovo watakuwa sifuri, kwa hiyo mahitaji ni sifuri, kwa hiyo mabomba yetu ya zamani hayatabadilishwa. Yakifa, yamekufa. Tutaletewa maji kwa boza, lori la tangi, "katika kipindi cha mpito". Kipindi cha mpito, mdogo wangu, maana yake ni muda tutakaoutumia kufa.

"Mimi kufa nitakufa," Bibi Dobrinka akasema, "hilo hukuhitaji kusomea. Lakini huyu je?" Akamwonyesha Kalina.

Yoana akasimama na mtoto kiunoni. "Mwaka huo mwanangu atakuwa na miaka ishirini na mitatu. Nyinyi mmeshamfuta?"

Kamen aliona haya kweli, hilo nampa. Akafungua karatasi zake, akasema hawakubuni kitu, walitumia takwimu walizopewa na mwakilishi wa kijiji, ambaye alithibitisha kwamba hakuna kaya changa wala mtu yeyote anayetarajiwa kurudi.

Mwakilishi wa kijiji ni Nedko. Ndiyo, Nedko wetu, mtoto wa baba mdogo, aliyekula mezani kwa mama yetu utoto wake wote. Alikuwa amekaa safu ya mbele kando ya meya. Nikamtazama kisogoni. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua kofia, basi.

Na maji yenyewe ni ya bwawa gani? Ni lile lile lililomeza kijiji cha babu. Bibi Dobrinka alitolewa kule akiwa bibi harusi, na meza ya harusi ikapakiwa kwenye mkokoteni. Babu alivua vigae vya paa kimoja kimoja akahama navyo. Waliambiwa wanatoa ardhi yao ili mkoa upate maji. Wakatoa. Sasa mkoa umepata maji, na sisi ndio tusiohesabiwa.

Siku ya pili nilimfuata Nedko. Unaijua ile nyumba yake ya wageni aliyoijenga kando ya bwawa? Nilimkuta anamwagia sakafu ya nje maji kwa mpira, sakafu ya mawe, Lyuben, wala si bustani. Bwawa la kuogelea limejaa hadi ukingoni.

"Dada, karibu, nikuwekee kahawa?"

"Sitaki kahawa yako. Kwa nini ulisema hatupo?"

Akafunga maji polepole. "Dada, tusidanganyane. Kijiji hiki kimeshakufa. Mimi nimesema ukweli mapema tu."

"Mihail amekufa? Yoana amekufa?"

"Wale? Wale watachoka. Mpe mwaka mmoja uone. Vijana wa siku hizi kijiji wanakipenda kwenye picha."

"Na nyumba yako hii, nayo imekufa?"

"Hii ni biashara. Hii imeingizwa kwenye upande wa utalii." Alisema hivyo bila hata kumeza mate. Bomba jipya la kwenda kwenye zile hoteli litapita mlangoni kwake. Hiyo ndiyo bei yake. Halafu akanishika bega, akaniambia nisipandishe presha kwa mambo ya wakubwa. Nilipofika nyumbani nilinawa lile bega. Spas alidhani nimemwagikiwa na kitu.

Juni tukaandika pingamizi. Tulikusanyika dukani, kila mtu akatia jina, hata yule mlevi Pencho alikuja na shati safi. Baada ya wiki kadhaa tukajibiwa: wanatushukuru kwa moyo wetu wa ushirikiano, maoni yetu yamezingatiwa. Mpango ukapitishwa vile vile. Yoana aliisoma barua hiyo jikoni, akaikunja vizuri, akaitia kwenye jiko la kuni. Mimi ningependa angepiga kelele.

Halafu ikaja Julai. Bomba kuu lilipasuka kule juu bondeni, na kwa kuwa hatumo kwenye mpango hakuna aliyekuja kuliziba sawasawa. Yakawa yanatoka maji ya kahawia kidogo jioni, kisha hewa tu. Boza lilipokuja maji yake yalinuka mafuta. Tuliyachemsha, yakawa maji ya moto yanayonuka mafuta. Kalina alitoka vipele tumboni. Mihail alikuwa anabeba ndoo kutoka kwenye chemchemi ya kanisani hadi mabega yake yakachubuka, anazimwagilia rasiberi safu moja, na safu nyingine inakauka mbele ya macho yake. Tukisimama pale shambani tulikuwa tunaona ng'ambo ya bwawa wageni wa Nedko wanarushiana mpira majini, na vicheko vyao vinatufikia. Hivi mtu anakujaje kuogelea mahali ambapo jirani hana maji ya kumwoshea mtoto, na asiulize? Wananitia kichefuchefu wote, aliyewaita na walioitika.

Mwezi Agosti Mihail na Yoana waliondoka na mtoto. Sikuwazuia. Nilimsaidia Yoana kufunga vyombo. Akaniambia, "Mama, si kwamba tumechoka." Nikamwambia najua. Nilitaka ajue kwamba najua, kwa sababu nilishaisikia sauti ya Nedko ikisema nilikuambia. Na kweli, siku ile ile alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akaangalia magodoro juu ya paa la gari la Mihail, akatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. Spas alichukua jiwe. Nilimnyang'anya, na hadi leo sina hakika kama nilifanya vema.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana yanakuhusu.

Wiki tatu zilizopita Nedko alikuja kwangu na boksi la peremende na karatasi. Kumbe kituo cha pampu cha hilo bomba la hoteli hakiwezi kujengwa popote isipokuwa kwenye kile kipande cha malisho ya babu kilichobaki juu ya bwawa. Kwingine kote ni mwamba. Na kile kipande, kama unavyojua, ni chetu sote watatu, mimi, wewe na yeye. Bila sahihi zetu za kukiuza hawatii hata koleo.

"Ni jambo la maendeleo, dada. Tia hapa tu, Lyuben nitamtumia ya kwake."

"Nedko," nikamwambia, "mimi si mkazi. Mimi ni sifuri. Sifuri haina mkono."

"Ah, dada nawe, unashikilia neno."

"Neno ulilitamka wewe. Chukua na peremende zako."

Kesho yake meya mwenyewe akapiga simu. Yule yule ambaye Mei hakujua Rakitovo iko upande gani. Ananiita mama Zlatina, ananiuliza hali ya Spas kwa jina. Nikamwambia bomba jipya lipite kwanza kijijini, liandikwe kwenye mpango, ndipo tuzungumze. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Hilo linawezekana."

Lyuben, limewezekana kwa siku kumi. Kamen alinitumia ukurasa mpya. Kijiji chetu sasa ni cha buluu. Na unajua wakazi wa Rakitovo mwaka 2045 watakuwa wangapi? Mia moja na arobaini! Sisi leo hatufiki hamsini. Hata alipozikwa padri Nikifor, na watu wakaja kutoka vijiji vyote, hatukufika mia na arobaini. Mwezi Mei tulikuwa sifuri, Septemba tumekuwa umati, na katikati hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kugonga mlango kutuhesabu. Nilipoisoma nilicheka hadi Spas akaja kuniangalia, kisha nikaenda kukaa nje. Mtoto mwenye kiu hakuwabadilishia tarakimu. Majani ya malisho yamewabadilishia.

Nilitaka kukataa. Nakwambia ukweli, nilitaka niwaone wakipasua mwamba hadi wazeeke. Nikaenda kumwambia Bibi Dobrinka kwamba sitii sahihi, hawa watu hawastahili. Alikuwa anamenya maharage. Akaniuliza, "Bomba litafika hapa kwangu?"

"Litafika."

"Basi tia sahihi. Mimi nataka maji, heshima yao wabaki nayo. Unataka niende chemchemini kwa miguu hii ili wewe ujisikie msafi?"

Nilikaa nikamsaidia kumenya.

Kwa hiyo nakuomba, karatasi ikikufikia, tia sahihi. Lakini tia kwenye ile niliyoitia sahihi mimi, yenye sharti la kijiji kwanza, ambayo wakili wa mjini atakutumia. Ya Nedko ichane. Na akikupigia simu kukuita kaka, usimtukane, mwache aongee mpaka achoke, halafu ukate. Harusi ya binti yake ni Novemba. Mimi na Spas hatuendi. Nimeshawaambia watu wote sababu, kwa hiyo usihangaike kuficha.

Nilimpigia Mihail kumwambia bomba linakuja. Akasema vizuri, mama, hongera. Yoana amepata kazi kwenye shule ya chekechea, nyumba waliyopanga iko ghorofa ya tano, Kalina ana rafiki mpya. Nilikuwa nataka kumwuliza watarudi lini, lakini nyuma yake nilikuwa namsikia Kalina anacheza bafuni, maji yanamwagika, yanamwagika tu, na hakuna anayemwambia afunge. Nikasikiliza. Sikuuliza.

Nisalimie Maite, na umwambie ile mbegu ya nyanya aliyonipa niliipanda, haikuota, si kosa lake. Wabusu Iker na Nerea. Spas anakusalimu, Bibi Dobrinka anakusalimu na anauliza kama huko kuna mtu anayejua kukaanga pilipili hoho sawasawa. Pencho pia anakusalimu, alikuwa amelewa lakini alitaja jina lako vizuri.

Mungu aulinde mgongo wako na nyumba yako, na awape watoto wako mahali ambapo watahesabiwa bila kuwa na kiwanja cha kuuza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda leo hata kwa hasira hii,

Zlatina